Kona ya Kichuguu

Mamu Ngalula,

Salamu za kuuliza kama u mzima naziruka. Asubuhi hii umekunywa chai mbele yangu, umekula mikate mitatu, umepanda gari la Kapolowe kwenda kumuaga bibi yako, mama wa mama yako. U mzima kabisa. Mimi pia ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na habari za goti hilo umezisikia mpaka umechoka.

Kesho unapanda basi la Kolwezi. Mama yako ameshakuandikia orodha nyuma ya karatasi ya kalenda: dawa za malaria, chandarua, misa ya saa ngapi, mtu wa namna gani usikae naye kiti kimoja. Ameandika vizuri na sina la kuongeza. Nimeona hata ameandika "usiazimishe pampu", jambo ambalo nadhani linanihusu mimi kuliko wewe.

Mimi nina jambo moja tu. Nitaliandika sasa hivi, juu kabisa ya barua, kabla sijaanza kulizunguka, maana unanijua, kwa kuzunguka mimi ni fundi mkuu.

Siku ile ulipoanguka kwenye kona ya kichuguu ukavunjika mtulinga, hukukosea wewe. Nilikosea mimi. Nililijua siku ileile, kabla hujafika hospitali, na kwa miaka mitatu nimekuacha uamini kwamba kosa lilikuwa la mikono yako.

Basi, limeandikwa. Nimesimama, nimekunywa maji, nimerudi mezani.

Sasa nitakusimulia tangu mwanzo kama vile hujui kitu. Mengine unayajua, mengine huyajui, na nikianza kuchagua nitachagua yale yanayonipendeza mimi. Kwa hiyo vumilia.

Miaka ishirini nilichomelea mabomba kiwandani. Kazi ilipopungua nikaleta mashine hapa nyumbani, nikawa natengeneza kinga, maana hapa kwetu baiskeli ni kinga, za watu wanaoshusha makala, yaani mkaa, kutoka vilimani. Magunia matatu, siku nyingine manne, juu ya magurudumu mawili. Fremu zao zinakatika palepale kila mara, chini ya kiti, na mimi nilikuwa naongeza chuma. Siku moja karani mmoja wa mjini akaniletea baiskeli ya mlima iliyopasuka, akaniuliza kama naweza. Nikaweza. Jumamosi yake akanipeleka kwenye kile kilima cha njia ya Kambove, mimi juu ya baiskeli ya kuazima, na nilishuka nikipiga kelele. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nilifika chini nikacheka peke yangu, nikarudi juu kwa miguu ili nishuke tena.

Mwezi uleule tukaanzisha klabu, watu watano. Wakanifanya rais kwa sababu nilikuwa na uwanja wa kuweka majembe, na mashine ya kuchomelea. Nakukumbusha hilo kwa kuwa baadaye nilianza kuamini kwamba walinichagua kwa akili zangu.

Njia yetu ya kwanza tuliipitisha moja kwa moja, kutoka kileleni hadi chini. Tuliifyeka, tukaipanua, tukaipenda. Mvua zilipoanza, kufika Noeli ilikuwa mtaro ambao mbuzi angesimama ndani usimwone. Ndipo alipokuja Papa Kilufya, ambaye wakati ule hatukumjua, mwashi tu aliyekuwa anapita na ndoo yake. Akasimama juu ya ule mtaro, akautazama kwa muda mrefu.

"Président," akasema, "hii haina njia ya kinga. Mulijengea maji njia yake."

Tulicheka, lakini alibaki, na akatufundisha yote unayoyajua leo. Njia ikatwe kwa ubavu wa kilima. Ilazwe kidogo upande wa bonde, maji yavuke yaende zake. Kila baada ya hatua kadhaa iinuliwe kidogo, maji yasipate mwendo. Na kona zijengwe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na changarawe, uliolowa kiasi cha kushikana ndani ya ngumi na si zaidi, ushindiliwe tabaka kwa tabaka, ufunikwe kwa majani, uachwe wiki tatu. Wiki tatu bila mtu kukanyaga. Hilo la wiki tatu Kilufya alilisema kila mara kama padri anapotangaza Kwaresima.

Kwa hiyo usidhani sikujua. Nilifundishwa na mtu yuleyule aliyekufundisha wewe.

Mwaka ule ulioanguka tuliwaalika watu wa Lubumbashi kwenye mashindano. Ilikuwa mara ya kwanza klabu kupokea wageni. Wiki moja kabla, wakamtuma mwenzao aje kuitazama njia. Nilitembea naye kutoka juu, nikimweleza kila jiwe. Tulipofika kwenye kona ya kichuguu, ile kubwa inayokizunguka kichuguu chenyewe, akaona mashimo mawili matatu na mabonge ya changarawe, akacheka.

"Papa, hii ni njia ya bambuzi."

Hakutaja mbuzi kwa ubaya. Mtu mwingine angecheka pamoja naye, akampa maji ya kunywa, yakaisha. Mimi nilikaa na neno hilo siku sita, nikila nalo na kulala nalo.

Sasa, bibi yako mwingine, mama yangu, huyo uliyepewa jina lake na ambaye kwa sababu yake nakuita mamu tangu hujaota meno, alikuwa hawezi kupokea mgeni bila kwanza kusiriba uwanja. Iwe harusi, iwe kilio, iwe ubatizo. Alichimba udongo wa kichuguu, akaulowesha, akausiriba kwa kiganja mpaka uwanja ukang'aa. Mgeni akikuta uwanja una mashimo, kwake ilikuwa aibu ya ukoo mzima, kuanzia hapa mpaka Kasai. Nimekulia kwenye uwanja huo.

Basi siku moja kabla ya mashindano, saa nane mchana, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nilifanya kama mama yangu. Nilichimba udongo wa kichuguu. Changarawe sikutia, kwa kuwa changarawe inaharibu sura. Nikaulowesha, nikaipaka kona yote, tena kwa mwiko wa Kilufya mwenyewe aliokuwa ameuacha pale. Nikailainisha kama ninavyolainisha mshono wa chuma. Ilipendeza, mamu. Nakuambia kweli, ilipendeza sana.

Kilufya akarudi kabla ya wengine. Alisimama mbele ya ule udongo kama alivyosimama juu ya mtaro siku ya kwanza, lakini safari hii hakufanya mzaha.

"Président, uondoe hii kintu. Udongo bila gravier inakuwa sabuni tu. Na iko inaomba siku mingi."

"Bageni banakuya kesho, vieux," nikamwambia. "Unataka bakute nyumba muchafu?"

"Haina nyumba. Ni njia."

"Minye njo rais hapa."

Kwamba mimi ndiye rais, hayo ndiyo maneno niliyotumia. Sijawahi kuyarudia mbele ya mtu mpaka leo ninapoyaandika. Kilufya akachukua mwiko wake, akaufuta kwa nyasi, akaondoka.

Kwa jua la Septemba uso wa udongo ulikauka haraka. Saa kumi na moja niliugonga kwa kisigino, ulikuwa mgumu, nikajisikia mtu mwenye akili. Alfajiri yakashuka manyunyu, yale ya kwanza ya mwaka, ambayo hata shati hayalowanishi. Yalitosha.

Ninyi wasichana mlitangulia kushuka. Nilikuwa nimesimama kwenye kona yenyewe, filimbi shingoni, nikingoja kuona watu wa Lubumbashi watakavyoitazama kazi yangu. Wa kwanza kufika ulikuwa wewe. Uliingia kona vizuri, mwili umelala kama inavyotakiwa, halafu gurudumu la mbele likaondoka peke yake. Bega likapiga ukingo. Nilisikia mfupa.

Walikubeba, mama yako akaenda nawe, mimi nikabaki. Watu niliwaambia kwamba rais hawezi kuacha mashindano. Uwongo. Nilibaki kwa sababu ya ule udongo. Nilipiga filimbi kusimamisha wote huko juu, nikachukua beseni la mchanga uliokuwa umebaki kwenye ujenzi wa daraja dogo, nikamwaga, nikarudi na jingine nikamwaga, mpaka udongo wangu mzuri haukuonekana tena. Kilufya alikuwa ng'ambo ya njia, akiniangalia kuanzia beseni la kwanza hadi la mwisho. Halafu wakapita wote, wasichana waliobaki na wanaume, na hakuna aliyeanguka.

Kusiriba kona kulikuwa ujinga, na mjinga anaweza kusamehewa. Kumwaga mchanga ni kitu kingine, kwa kuwa nilimwaga nikiwa najua.

Nilifika hospitali mchana. Ulikuwa umefungwa mkono kifuani, uso umevimba upande mmoja, na badala ya kulia uliniuliza swali la kifundi.

"Papa, nilikosa wapi?"

Njiani nilikuwa nimepanga kukuambia. Naapa nilikuwa nimepanga. Lakini mlangoni nilikutana na watu wawili wa Lubumbashi waliokuja kukuona, walikuwa bado mle ndani, na mdomo wangu ukasingizia breki wenyewe:

"Ulifunga frein ya mbele, mamu. Benzako bote balipita."

"Basi njo vile," ukasema, ukageuza uso ukutani.

Ilichukua muda mfupi kuliko kusoma mistari hii. Nilidhani kesho yake, wageni wakiondoka, nitarekebisha. Kesho yake ulikuwa na homa. Keshokutwa nikasema apone kwanza. Ulipopona ulikuwa umeshazoea, na mimi nikaona ningekuwa nakuumiza upya. Unaona jinsi mtu anavyojipatia sababu? Kila siku niliyoiacha ipite ilifanya ile iliyofuata iwe nzito zaidi, na nilikuwa naibeba mwenyewe kwa hiari yangu.

Tena usiseme labda sikujua uchungu wa kubebeshwa kosa la mwingine. Nilikuwa na miaka tisa baba yangu aliponichapa kwa ajili ya taa ya mafuta iliyovunjika. Alikuwa ameivunja yeye, usiku wa kuamkia siku ile, akirudi kutoka kwa marafiki. Mama yangu aliniambia baada ya kumzika. Baba alikuwa karani mwenye kofia, watu walimwamkia barabarani. Kwa miaka mingi nilikuwa napita mbali na taa za watu, nikiamini nina mikono mibovu. Mtu mwenye mikono mibovu anakwenda kuwa fundi wa kuchomelea! Nadhani nilichagua kazi hiyo ili nimwonyeshe. Na yote hayo nikiyajua, nilipopata mtoto wangu, nikampa mikono mibovu vilevile.

Jumamosi iliyofuata klabu ilikutana. Kilufya akainua mkono.

"Ile kona, Président. Tuzungumuze ile kona."

"Hiyo point imefungwa," nikasema.

"Nani alifunga?"

Nilimgeukia katibu, nikamtajia maneno ya kuandika ndani ya PV, lile daftari letu la mikutano: kwamba mwendeshaji Ngalula alianguka kwa kosa la breki. Katibu akaandika. Kilufya akavaa kofia yake, akatoka, na wengine saba wakamfuata bila kelele, wale hasa waliokuwa wakishika majembe. Niliwaambia waliobaki kwamba Kilufya ana wivu, alitaka cheo. Huo ni uwongo wa tatu, kama unahesabu.

Mvua zile klabu ilikaribia kufa. Tulibaki watu sita wa kupanda, hakuna wa kujenga. Maji yalikula kona mbili, na wabeba makala wakaanza kupita ndani ya njia yetu kwa kuwa ya kwao ilikuwa imebomoka. Mimi, badala ya kuzungumza nao, niliziba kwa matawi na kupigilia kibao cha kuwakataza. Wakatoa matawi. Nikaziba tena. Wiki nane tulishindana kwa matawi na watu ambao baiskeli zao nilikuwa nazichomelea mimi mwenyewe siku za kazi. Sikuona hata kwamba inachekesha.

Ukatokea wewe, mkono bado ndani ya kitambaa. Hukuniuliza. Ulikwenda nyumbani kwa Kilufya ukamwambia kwamba kwa kuwa hujui kuendesha, unataka angalau ujue kujenga. Yeye ndiye aliyenisimulia. Angeweza kukuambia ukweli pale pale. Alikaa nao miaka mitatu, akikufundisha kushindilia udongo, na si kwa kunilinda mimi. Alisema ni maneno ya baba, na baba yupo.

Halafu ukang'oa kile kibao. Ukasimama njiani asubuhi, ukawangoja wabeba makala, na nilikuwa nyuma yako nikisikia.

"Ba papa, hii njia ilikuwa yenu mbele ya kuwa yetu. Mutuonyeshe fasi maji inapita."

Wakakuonyesha. Mtu anayesukuma magunia manne kila siku anajua kilima kuliko mtu anayekishuka Jumamosi. Mkapatana: asubuhi ni zao, Jumamosi mchana ni zetu, na pale njia zinapokatana mkafyeka mpaka mtu aonekane kutoka mbali. Mmoja wao sasa ni mweka hazina wetu. Waliokwenda na Kilufya wakarudi mmoja mmoja, wakisema wamekuja kukusaidia wewe, wasinitazame usoni. Ukaleta wasichana wa kwaya. Ukaamua PV iandikwe kwa zamu ili asiwepo mtu mmoja wa kutajia maneno. Nadhani hukujua ulikuwa unafunga mlango gani, lakini mimi nilijua. Leo Jumamosi wakija wote uwanja wetu haututoshi, mama yako analalamika kuhusu maua yake.

Ndiyo maana watu wa Kolwezi wamekuita. Wana kilima, wana watu kumi, wanagombana, na njia yao inashuka moja kwa moja. Utawakuta wana rais. Atakuwa mtu mwema mwenye uwanja mkubwa. Mchunguze kidogo, lakini pia mwonee huruma, kwa sababu watu wakikuita rais kila Jumamosi kuna kitu kinakauka ndani yako na hukisikii kikikauka. Wewe pia watakuita hivyo siku moja. Nilichojifunza mimi ni kidogo: yule anayekuambia "ondoa hii kitu" mbele ya kazi yako nzuri, mpe kiti. Mimi nilimpa mgongo, na ikanigharimu watu wanane na binti yangu.

Nasema binti yangu kwa sababu hii. Tangu siku ile hujashindana. Unapanda, unafundisha, lakini namba hujavaa tena. Na kila unapowafundisha wasichana kushuka, unawapeleka kwenye kona ya kichuguu, ile uliyoijenga upya wewe mwenyewe kwa changarawe na wiki tatu zake, na unawaambia: "Mutazame vidole. Minye nilifunga frein ya mbele hapa, njo nikavunjika. Musifanye kama minye." Umelisema mara ngapi? Mimi kila mara nimekuwa na kazi ya ghafla, mnyororo wa kupaka mafuta, spoku ya kukaza, ilimradi nisikutazame. Uwongo wangu umekuwa somo, na watoto wa watu wanalijua kwa moyo.

Mwezi uliopita watu wa Kolwezi walikuuliza kwa simu kama utapanda pia katika timu yao. Nilikuwa uani, nikakusikia ukicheka. "Hapana, minye ni mutu wa jembe. Kwa kona siko na akili." Nilikaa chini juu ya chupa ya gesi. Niliona haya, mamu, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Ulikuwa unaondoka nyumbani kwangu, na kati ya vyote nilivyokupa, hicho ndicho ulichokuwa unakwenda nacho.

Jumapili baada ya misa Kilufya alinishika mkono kwenye ngazi za kanisa.

"Mutoto anaenda. Utamuambia siku gani?"

"Nitamuandikia. Nitatia barua mu sakoshi yake, atasoma kule."

"Weye unapenda mambo ya mbali," akasema, akaachia mkono wangu.

Nilimkasirikia mpaka Jumatano.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata Kilufya hakukiona, kwa kuwa alikuwa ng'ambo. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Nilikutazama tangu ulipotokeza juu. Ulipoingia kwenye kona vidole vyako vyote vya mkono wa breki ya mbele vilikuwa vimefungwa juu ya mpini. Hapakuwa na hata kimoja juu ya breki. Ulikuwa umeshapunguza mwendo juu, mahali panapostahili, ukaachia, ukaingia bila kugusa kitu, macho yako yakitazama mwisho wa kona. Nimewaona watu wengi wakipita pale miaka hii yote, na hakuna aliyeingia kona ile vizuri kama ulivyoingia wewe asubuhi ile. Ulifanya kila kitu sawa, na ardhi ndiyo iliyokuwa mbovu, na ardhi hiyo niliipaka mimi.

Sikuambii urudi kwenye mashindano. Hilo si langu, na nimeshaamua mengi mno juu ya mikono yako. Kama unapenda jembe, lipende, lakini ulipende kwa sababu unalipenda.

Klabu bado sijawaambia. Nimetaka usikie wewe kwanza. Jumamosi ijayo nitasimama, nitaeleza udongo na mchanga, nitaomba mwenye zamu aandike ndani ya PV, na ile PV ya zamani itasomwa kwa sauti ili kila mtu ajue inafutwa. Wasichana nitawaambia mwenyewe, palepale kwenye kona. Halafu watachagua rais, na sitasimama. Nitafanya hivyo hata kama utakuwa hunisemeshi. Hilo nataka ulijue, usije ukadhani ni bei ya msamaha.

Na barua hii siitii kwenye mfuko wako. Nilikuwa nimeshaikunja nitie, katikati ya nguo, mahali ambapo ungeikuta kesho ukiwa mbali na mimi nikiwa salama hapa Likasi. Nimeikunjua. Ukirudi kutoka Kapolowe nitakupa mkononi, wala sitaondoka wala sitapata mnyororo wa kupaka mafuta. Nitakaa kwenye kiti mbele yako usome yote. Ukitaka kupiga kelele, piga. Majirani watasikia na ni haki yao. Ukitaka kuniuliza jambo lolote, uliza, sitatafuta pa kujificha. Na ukitaka kwenda Kolwezi bila kuniaga, nitabeba mzigo wako hadi kwenye basi nikiwa kimya.

Nasikia gari linasimama barabarani. Ni wewe, nimetambua sauti yako, unamshukuru dereva. Naacha kuandika, nakuja kukufungulia.

Baba yako